Abaki chuoni au aahirishe masomo? Kulinganisha njia za kumsaidia mwanafunzi anayeacha pombe na dawa za kulevya

Wiki moja ina saa 168. Mwanafunzi aliyeacha pombe wiki tatu zilizopita, anayemwona mshauri wa chuo kila Jumanne, amepata msaada wa saa 1. Zinabaki 167, na ndani yake imo ile ya Ijumaa saa 11 jioni: mhadhara wa mwisho umekwisha, korido ya bweni inanukia manukato, muziki umeshafunguliwa chumba cha tatu, na mwenzake wa chumba anapanga chupa dirishani huku akimwambia kwa wema kabisa, "Wewe kaa tu na sisi, hatukulazimishi."

Watu wanaponiuliza njia ipi ni bora ya kumsaidia mwanafunzi anayetoka kwenye uraibu, hulinganisha majina. Rihabu au ushauri nasaha? AA (vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe) au daktari? Mimi siku hizi nalinganisha saa. Kila njia ina saa inazozilinda na saa inazoziacha wazi, na ukishazijua saa za hatari za huyo kijana, nusu ya uchaguzi imeshafanyika.

Mwili kwanza

Kuna jambo moja lisilo na kulinganisha. Aliyekuwa akinywa sana kila siku, au akimeza vidonge vya kutuliza vya jamii ya benzodiazepini (Valium ndiyo maarufu), asiache ghafla akiwa amejifungia chumbani na chupa ya maji. Pombe ikikatwa ghafla mtu anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huanza kuweweseka: wanatetemeka, jasho linawamwagika, wanaona wadudu ukutani. Hali hiyo huua. Apelekwe hospitali, mjadala wa chuo utasubiri.

Heroini na ndugu zake ni kinyume kidogo. Arosto yake, yaani mwili unapodai dawa iliyokatwa, ni mateso, lakini kwa kijana mwenye afya si mara nyingi yenyewe inaua. Kinachoua ni kurudia. Baada ya wiki chache bila kutumia, mwili umeshasahau, na kipimo kilekile cha zamani kinasimamisha pumzi. Kwa hiyo anayeishi naye ajue naloksoni, dawa ya dharura inayorudisha pumzi, inapatikana wapi na inatumiwaje, iwe ya kupulizia puani au ya sindano. Hilo lijulikane kabla ya swali lingine lolote hapa chini.

Kuahirisha, kupunguza, au kubaki

Wazazi wengi hukimbilia kuahirisha masomo. Inaeleweka: umemkuta mtoto amelala sakafuni, hutaki kusikia habari za mitihani. Na matibabu ya kulazwa yana sifa ambayo njia nyingine haina, kwamba yanalinda saa zote 168. Huko hakuna Ijumaa. Kijana asiyeweza kumaliza siku mbili bila kutumia, aliyewahi kuzidisha dawa, anayezungumzia kujiua, au ambaye chumba chake ndicho soko lenyewe, sina mjadala naye. Aende.

Ila saa hizo 168 hulindwa kwa wiki au miezi kadhaa tu, kisha anarudishwa palepale. Kijana mmoja niliyewahi kumsindikiza aliondoka wiki ya tisa ya muhula, akakaa kwenye matibabu miezi mitatu, akarudi amenenepa na anacheka. Ofisi ya malazi ikampa chumba kilekile, kitanda kilekile, mwenzake yuleyule. Alidumu siku kumi na moja. Hakuna aliyemtakia mabaya. Fomu iliuliza jina na namba ya usajili, haikuuliza anarudi kutoka wapi.

Kosa kubwa zaidi, ambalo naliona kila mara, ni kuahirisha masomo bila matibabu yoyote. Kijana anang'olewa kwenye ratiba ya mihadhara, ambayo walau ilikuwa ikimshika tangu asubuhi hadi alasiri, anapelekwa nyumbani akakae bila kazi, bila marafiki, bila sababu ya kuamka, eti apumzike. Saa zake za hatari zilikuwa kumi kwa wiki, sasa zimekuwa mia. Mapumziko ya namna hiyo afadhali asiyachukue.

Kubaki chuoni kunamfaa nani, basi? Yule ambaye bado anaingia darasani, hata kama kazi anazikabidhi kwa kuchelewa. Mwenye mahali salama pa kulala. Na mwenye kliniki ya matibabu ya nje anayoweza kuifikia. Nasema kliniki makusudi. Kuna tofauti kubwa kati ya kumwona mshauri saa 1 kwa wiki na matibabu ya nje ya kina, ambayo kwa kawaida ni saa 9 au zaidi, zikigawanywa kwenye siku tatu au zaidi. Ukifika huko usiulize gharama peke yake. Uliza ni jioni zipi. Ukipewa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, omba ubadilishiwe mojawapo iwe Ijumaa.

Faida nyingine ya kubaki haionekani kwenye fomu. Anayebaki bado ni mwanafunzi. Akiulizwa "unafanya nini siku hizi?" ana jibu. Aliyeahirisha anapaswa kutunga jibu kila anapokutana na mtu, na uongo mdogomdogo ni ardhi ambayo uraibu unaijua vizuri sana.

Katikati ya hayo mawili ipo njia ambayo watu huisahau: kupunguza mzigo. Masomo mawili badala ya matano, muhula mmoja au miwili. Ratiba inabaki, presha inashuka, na kliniki inapata nafasi. Ubaya wake ni kwamba baadhi ya wafadhili hutaka idadi kamili ya masomo, na baadhi ya vyuo humwondoa bwenini asiyesoma masomo yote. Uliza kwanza. Na kama ni kuahirisha, kabla hajasaini pateni majibu matatu kwa maandishi: mwisho wa kurudi ni lini, masharti ya kurudi ni yapi, na rekodi yake ya masomo itaandikwa nini. Maneno ya mdomo ya karani mwema hayatakuwepo mwaka kesho.

Mshauri wa chuo peke yake, au programu ya kupona

Mshauri wa chuo yuko karibu, anatunza siri, na anaweza kushughulikia sonona na wasiwasi ambavyo mara nyingi vimejifunga pamoja na ulevi kama nyuzi mbili za kamba moja. Hapo nampa alama zote. Lakini ofisi yake hufungwa saa za kazi zinapoisha, likizo hayupo, na si kila mshauri amesomea uraibu. Muulize wazi: umefanya kazi na wanafunzi waraibu? Akianza kukuambia kwamba "vijana wote hupitia hiyo hatua", mshukuru na utafute mwingine.

Programu za kupona za vyuoni ni kitu kingine. Zilianzia Marekani. Mwaka 1977 Chuo Kikuu cha Brown kilimkabidhi Bruce Donovan, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini cha kale, kazi ya kuwashughulikia wanafunzi wenye matatizo ya ulevi na dawa. Rutgers walifuata mwaka 1983, na mwaka 1988 wakafungua bweni la wanafunzi walio kwenye safari ya kupona. Texas Tech walianza mwaka 1986, Augsburg ya Minneapolis mwaka 1997, na mwaka 2010 vyuo vya namna hiyo vikaunda chama chao. Leo wazo hilo limeshavuka mipaka ya Marekani.

Ukiondoa majina makubwa, kinachotolewa ni kitu cha kawaida sana. Chumba chenye makochi yaliyobonyea, birika, na mlango unaofunguliwa hadi usiku. Mmoja anapambana na hesabu za kalkulasi mezani, wawili wanabishana kuhusu mpira, mwingine amelala na viatu. Hakuna anayeuliza kwa nini hunywi. Pembeni kuna mfanyakazi mmoja wa kuajiriwa anayejua uraibu, mikutano kadhaa kwa wiki, na safari za Jumamosi. Tazama ni saa gani hizo zinazolindwa: jioni na wikendi, zile ambazo ofisi ya mshauri imefungwa.

Je, zinafanya kazi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwauliza wanafunzi 486 wa programu 29 za Marekani, na theluthi moja yao walisema wasingekuwa chuoni kabisa kama si programu hiyo. Ni matokeo ya kutia moyo, ila yasome kwa jicho pevu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 26. Hawakuwa vijana wa mwaka wa kwanza waliotoka kwenye arosto wiki iliyopita. Programu nyingi hudai mwombaji awe amekaa muda fulani bila kutumia kabla hajapokewa. Kwa hiyo kijana wako wa wiki tatu anaweza kuambiwa "bado", na ukisikia hivyo usione kama amekataliwa. Uliza anaruhusiwa kuhudhuria nini wakati anasubiri. Mara nyingi mikutano na chumba viko wazi kwa kila mtu.

Na kama chuo hakina? Ombeni chumba na ufunguo. Wanafunzi watatu, mfanyakazi mmoja anayekubali jina lake liandikwe kwenye fomu, na jioni moja isiyobadilika kila wiki. Chagueni Ijumaa au Jumamosi. Vikundi vya Jumatano mchana huhudhuriwa vizuri na havimwokoi mtu.

Pa kulala

Hapa majina yanadanganya. "Bweni lisilo na pombe" na "bweni la walio kwenye safari ya kupona" yanasikika kama ndugu. Hayafanani. La kwanza ni kwa yeyote anayependa utulivu: pombe haiingizwi ndani, lakini mkazi anaruhusiwa kwenda kulewa mtaani na kurudi saa 8 usiku akinuka, akakaa kwenye kitanda cha jirani kumsimulia jinsi ilivyokuwa. La pili ni la watu ambao wenyewe wameacha, wanaotazamana machoni asubuhi na kujua nani hakulala.

Kwa saa za usiku, hakuna kinacholishinda hilo la pili. Mahali ambapo chuo hakina, zipo nyumba za pamoja nje ya chuo. Mfano unaojulikana zaidi ni Oxford House, iliyoanza Maryland mwaka 1975: wakazi wanajiongoza wenyewe kwa kura, kila mmoja analipa sehemu yake, hakuna msimamizi anayelala humo, na aliyerudia kutumia anaondoka mara moja.

Kanuni hiyo ya mwisho inalinda nyumba. Nani anamlinda aliyerudia? Usiku ule anaotolewa ndio usiku wake mbaya kuliko yote. Kabla hajahamia nyumba yoyote ya aina hii, muandike pamoja jina na namba ya simu ya mahali atakapolala akitolewa. Nyumba nzuri huwa zinauliza swali hilo zenyewe.

Kurudi kuishi na wazazi na kusoma akitokea nyumbani kuna unafuu wake, na nimeona kukifaulu pale ambapo nyumbani hakuna anayekunywa. Kama mjomba ana kabati la pombe sebuleni, hesabu imeshabadilika.

Hatua 12 au SMART

Alcoholics Anonymous ilianzishwa mwaka 1935 kule Akron, Ohio. Narcotics Anonymous ikazaliwa California mwaka 1953 kwa kufuata mtindo uleule. Kiini chake ni hatua 12, imani katika nguvu iliyo kuu kuliko wewe, na sponsa, yaani mtu aliyetangulia anayekushika mkono. SMART Recovery ilianza mwaka 1994 na inajengwa juu ya mbinu za kisaikolojia: kujenga motisha, kukabiliana na hamu, kusimamia mawazo na hisia, kuishi maisha yenye uwiano. Haina hatua, haina sponsa, haikulazimishi ujiite mlevi, na kikao huongozwa na mtu aliyepewa mafunzo.

Kwa upande wa ushahidi, AA imesimama vizuri kuliko wasomi wengi walivyodhani. Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyokusanya tafiti 27 na washiriki 10,565, yaliona kwamba baada ya mwaka mmoja asilimia 42 ya walioelekezwa AA kwa utaratibu rasmi walikuwa hawajagusa pombe, dhidi ya asilimia 35 ya waliopata tiba nyingine, ikiwemo tiba ya kubadili fikra na tabia. Zingatia kwamba hayo yalihusu pombe. Usiyahamishie kwenye kokeini kana kwamba ni mambo yaleyale.

Kwa mwanafunzi, hata hivyo, ushahidi mkubwa ni mkutano wenyewe. Binti mmoja wa miaka 20 aliniambia baada ya mkutano wake wa kwanza, "Wale wote wana wajukuu. Mmoja amepoteza nyumba, mwingine ini. Mimi nimepoteza somo moja." Alihitimisha kwamba tatizo lake si kubwa kiasi hicho, na hiyo ndiyo hatari ya chumba cha wazee. Alipopata mkutano wa vijana, maneno yaleyale yaliyokuwa yakimchosha yakaanza kumwingia. Kwa hiyo ushauri wangu ni aonje mikutano kadhaa tofauti kabla ya kusema AA haimfai.

Kinachoipa AA na NA uzito kwenye hesabu yangu ya saa ni sponsa. Anapokea simu saa 7 usiku. SMART ina mikutano mingi mtandaoni, na kijana anayeishi mbali au anayeona aibu huingia huko kirahisi, lakini kikao kikiisha kimeisha. Kwa upande mwingine, kijana ambaye neno "nguvu kuu" linamfunga masikio atakaa SMART akajifunza vitu vya kutumia Jumamosi hiyohiyo, kama vile kuiandika hamu inapoanza, inapopanda na inapopungua, na kugundua kwamba hupungua yenyewe. Hakuna kanuni inayokataza kuhudhuria zote mbili. Wengi wanafanya hivyo bila kumwambia mtu.

Dawa za tiba

Kwa heroini na afyuni nyingine, methadoni na buprenofini ni tiba, na zote mbili zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2005. Zinapunguza vifo. Anayekuambia kwamba ni kubadilisha uraibu kwa uraibu mwulize amezika wangapi.

Tofauti inayomgusa mwanafunzi ni ratiba. Methadoni mara nyingi hunywewa kliniki kila siku mbele ya mhudumu, hasa miezi ya mwanzo, na kliniki nyingi hufunguliwa asubuhi tu. Mhadhara wa saa 2 asubuhi utagongana nayo. Buprenofini huwekwa chini ya ulimi na huweza kuandikiwa kwenda nayo nyumbani, kwa hiyo inampa uhuru zaidi, pamoja na jukumu la kuifungia isichukuliwe na wa chumba cha pili. Naltreksoni, ambayo huzuia afyuni isifanye kazi mwilini, inahitaji awe amekaa kama siku 7 hadi 10 bila afyuni yoyote, vinginevyo itamtupa kwenye arosto kali. Naltreksoni hiyohiyo hutumika pia kupunguza hamu ya pombe. Bangi na kokeini hazina dawa yake iliyothibitishwa. Huko kazi inabaki kwa ushauri na watu.

Aende kwenye vikundi vya hatua 12 akijua kwamba atakutana na mmoja au wawili watakaomwambia anayemeza methadoni hajaacha. AA wenyewe wana kijitabu kinachowaonya wanachama wasijifanye madaktari. Abadilishe mkutano, asibadilishe dawa.

Nani ajue

Kuwaambia watu wote ni uzito, kutomwambia yeyote ni hatari. Mtu mmoja bwenini, mmoja kwenye idara, mmoja nyumbani: watatu wanatosha kuanzia. Mwenzake wa chumba asigeuzwe polisi wa kunusa vikombe. Mpe kazi moja tu, ya kupiga simu mambo yakiharibika. Na hapo kuna swali la kuuliza chuo mapema: mwanafunzi akimwitia mwenzake gari la wagonjwa kwa kuzidisha dawa, ataadhibiwa? Vyuo vingine vimeandika wazi kwamba hapana. Vingine havijaandika, na wanafunzi hujifunza kusubiri waone kama mwenzao ataamka.

Karatasi

Mkishafika hapa, chukueni ratiba yake ya masomo, ile ya mistari, ongezeni usiku na wikendi. Achore kwa kalamu nyekundu saa alizokuwa akitumia. Yeye achore, si wewe. Kisha kwa kalamu nyingine andikeni kwenye kila kisanduku chekundu jina la mtu, mahali au kikao. Jina la taasisi lisiloweza kukaa ndani ya kisanduku chekundu, hata liwe maarufu vipi, liacheni nje kwanza.

Ya mwisho niliyoiona ilikuwa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Jumanne ilikuwa na kliniki, Alhamisi mkutano. Ijumaa saa 11 hadi saa 2 usiku alikuwa ameandika: "Kufua. Simu kwa sponsa nikianika." Jumapili alasiri palikuwa bado pekundu, pana alama ya kuuliza.